Mgonjwa Anapozidisha Dawa ya Maumivu: Mwongozo wa Kuwafunza Wafiziotherapia

Daktari humwandikia tramadol kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, humpa tarehe ya kurudi baada ya wiki sita, kisha huita mgonjwa anayefuata. Mfiziotherapia atamwona kijana huyohuyo mara mbili kwa wiki, nusu saa au zaidi kila mara. Atamkunja goti, atamwona akitoka jasho, atamsikia akisimulia alivyolala. Kijana akianza kumeza vidonge kumi kwa siku badala ya vinne, au akianza kujinunulia dukani baada ya cheti kuisha, hakuna mtumishi wa afya aliye karibu zaidi kuligundua jambo hilo. Lakini ukaribu peke yake hausaidii kitu kama mtumishi hajui atazame nini, aulize vipi, na akishajibiwa ampeleke mgonjwa kwa nani.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesimamia kitengo cha fiziotherapia, au unayelea wanafunzi walio mafunzoni wodini. Unaonyesha namna ya kuendesha mafunzo ya ndani ya vipindi vitano, saa moja kila wiki kabla ya kliniki kufunguliwa. Hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji mfamasia mmoja, muuguzi mmoja wa afya ya akili, mafaili ya wagonjwa wenu wenyewe, na watumishi walio tayari kufanya mazoezi ya kuzungumza kama wanavyofanya mazoezi ya kupima misuli.

Weka jambo moja wazi tangu siku ya kwanza: hamfundishwi kukamata watu. Mnafundishwa kuuliza bila kuaibisha, kuandika kinachosaidia, na kumfikisha mgonjwa kwa anayehusika huku tiba ya maumivu yake ikiendelea.

Kabla ya kipindi cha kwanza: kwa nini kazi hii ni yetu

Watumishi watakuuliza, na wana haki: sisi hatuandiki dawa, hili linatuhusu nini? Wape majibu mawili.

La kwanza linatoka Marekani. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza OxyContin, kidonge cha oksikodoni kinachotoa dawa polepole, na ikawaaminisha madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kosa la kuitangaza dawa hiyo kwa udanganyifu, lakini wagonjwa wengi wa mgongo na viungo walikuwa wameshanasa. Baadaye wengi walihamia heroini, kisha ikaja fentanili ya mitaani. Mwaka 2021 vifo vya kuzidisha dawa nchini humo vilipita 100,000, vingi vikitokana na dawa za jamii ya afyuni. Katikati ya janga hilo, mwaka 2016, chama cha wafiziotherapia wa Marekani kilianzisha kampeni ya kuwahimiza wananchi wachague fiziotherapia kabla ya vidonge hivyo. Mwongozo wa kitaifa uliotolewa na taasisi ya CDC mwaka 2022 unasema kuwa kwa maumivu ya muda mrefu tiba zisizotumia afyuni ndizo za kutangulizwa, na mazoezi ya tiba yamo ndani yake. Kwa maneno mengine, fani yetu imetajwa kama sehemu ya dawa.

Jibu la pili liko hapahapa. Pwani ya Afrika Mashariki imeishi na heroini kwa miongo kadhaa, na serikali zimejibu kwa tiba: kliniki ya methadoni ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 2011, na Kenya ikaanza huduma hiyo mwishoni mwa 2014. Tramadol ina njia yake tofauti. Haimo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa na mikataba ya kimataifa kama ilivyo morfini, kwa hiyo husafiri kwa urahisi zaidi. Kwa sheria ni dawa ya cheti, lakini kila mtumishi wako anajua duka ambalo haliulizi cheti.

Kisha waonye kuhusu upande wa pili wa shilingi. Katika nchi zetu wagonjwa wengi wa saratani bado wanakufa na maumivu kwa kukosa morfini, au kwa sababu ndugu na watumishi wanaiogopa. Uganda imeonyesha njia nyingine: tangu Hospice Africa ilipoanza kazi Kampala mwaka 1993, morfini ya maji imekuwa ikitengenezwa kwa bei nafuu na kuwafikia wagonjwa majumbani. Mafunzo yako yakimfanya mtumishi atetemeke kila asikiapo neno morfini, yamefeli.

Kipindi cha kwanza: kuzijua dawa

Wiki moja kabla, waambie watumishi wakusanye maboksi na vibandiko vitupu vya dawa za maumivu zinazouzwa mtaani kwao. Vipangeni mezani. Mwalike mfamasia azigawe mbele yenu: paracetamol huku, diklofenaki na ibuprofeni kule, na jamii ya afyuni peke yake. Katika kundi hili la mwisho mtakuta kodeini, mara nyingi ikiwa imechanganywa na paracetamol au imo katika dawa ya kikohozi, tramadol, na kwa wagonjwa wa wodini morfini, pethidini na fentanili.

Mfamasia afafanue mambo manne tu, maana kipindi hiki hugeuka kirahisi kuwa somo la famakolojia lisilokwisha.

Kwanza, dozi. Kikomo cha tramadol ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 50. Mtumishi akijua namba hii, jibu la mgonjwa litamwambia kitu. Kwa hesabu za CDC za 2022, miligramu 50 za tramadol zinakaribia miligramu 10 za morfini ya kumeza, na kuanzia sawa na miligramu 50 za morfini kwa siku daktari anatakiwa kusita na kupima upya faida na hatari.

Pili, tabia mbili za tramadol. Inatuliza kama afyuni, na papo hapo inaongeza kemikali za serotonini na noradrenalini katika ubongo. Ndiyo maana ikizidi inaweza kuleta degedege hata kwa mtu asiye na kifafa. Ndiyo maana pia ni hatari ikikutana na amitriptilini, dawa ambayo wagonjwa wetu wengi wa mgongo na mishipa ya fahamu wameandikiwa waimeze usiku, au na fluoksetini. Hapa mfiziotherapia ana nyenzo ambayo wengine hawaitumii kila siku: nyundo ya refleksi. Mgonjwa anayemeza dawa hizo pamoja, anatetemeka, anatoka jasho, na refleksi za goti na kifundo zimepanda pande zote mbili, au mguu unarukaruka ukiusukuma kwa ghafla kwenye kifundo, anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Tatu, tofauti ya miili. Kodeini na tramadol hugeuzwa na ini kuwa umbo lenye nguvu zaidi. Wapo watu ambao ini lao hugeuza haraka mno, na wameonekana kwa wingi zaidi Ethiopia na maeneo ya kaskazini-mashariki mwa Afrika. Kwa mtu kama huyo dozi ya kawaida ni kubwa. Hii ni sababu mojawapo ya dawa hizi kutopewa watoto wa chini ya miaka 12.

Nne, pombe na diazepamu. Zikichanganywa na jamii ya afyuni, pumzi hupungua zaidi ya vile kila moja ingefanya peke yake.

Malizeni kwa kutenganisha hali tatu ambazo watumishi huzichanganya. Kutumia vibaya ni kumeza kwa namna au kwa sababu tofauti na aliyoelekeza daktari. Mtu anaweza kufanya hivyo mara moja kwa kukosa usingizi. Mwili kuzoea ni hali ya kutaka dozi kubwa zaidi, au kupata arosto dawa ikikosekana. Humpata hata mgonjwa mtiifu anayefuata cheti neno kwa neno. Uraibu ni pale dawa inapoyatawala maisha: mtu anaitaka kwa nguvu, anashindwa kupunguza, anaendelea ingawa kazi na nyumba vinaharibika. Kitabu cha uchunguzi wa magonjwa ya akili kiitwacho DSM-5 kina vigezo 11, na huanza kuhesabu tatizo mgonjwa anapotimiza angalau viwili ndani ya miezi 12. Kinaeleza pia kwamba kuzoea na arosto havihesabiwi kwa anayetumia dawa kama alivyoelekezwa. Kutoa jina la ugonjwa si kazi ya mfiziotherapia. Kutofautisha hali hizi ili asimwite mraibu mtu ambaye mwili wake umezoea tu, ni kazi yake.

Kipindi cha pili: kutazama

Dalili zisomwe kwa makundi, kwa sababu dalili moja haisemi kitu.

- Dawa imezidi: mgonjwa anasinzia katikati ya mazungumzo, mboni za macho ni ndogo kama tundu la sindano, anajikuna, anapumua polepole, anayumba akisimama. Kwa tramadol mboni zinaweza zisiwe ndogo, kwa hiyo msizitegemee peke yake.
- Dawa imepungua: anapiga miayo bila uchovu, pua na macho vinatiririka, vinyweleo vimesimama, mboni zimepanuka, tumbo linaharisha, hatulii kitandani, anasema mifupa yote inauma.
- Maumivu na shughuli haviendani: wiki zinapita, dozi inapanda, lakini hatembei mbali zaidi wala halali vizuri zaidi. Au maumivu yaliyokuwa gotini sasa yametapakaa na hata mguso mwepesi unauma. Matumizi marefu ya dawa hizi yanaweza kuufanya mfumo wa fahamu uwe mkali zaidi kwa maumivu.
- Mwenendo: cheti kimepotea tena, anaomba barua yako ili akapate dawa, anataja hospitali tatu tofauti, anakosa mahudhurio kisha anakuja akiwa na haraka ya kuondoka.
- Madhara yanayojificha: kufunga choo kunakoongeza maumivu ya kiuno, kizunguzungu cha kusimama, na kuanguka kwa wazee.

Katika kipindi hiki fanyeni zoezi la vitendo. Kila mtumishi ahesabu pumzi za mwenzake kwa dakika nzima bila kumwambia. Wengi watagundua kuwa wamezoea kukisia. Kisha pimeni shinikizo la damu mtu akiwa amelala na tena akiwa ameketi. Kwa mgonjwa wa siku ya kwanza baada ya upasuaji, aliyechomwa pethidini au morfini, vipimo hivi viwili vinapaswa kutangulia jaribio la kumsimamisha.

Halafu tumieni nusu ya muda uliobaki kwa swali moja: dalili hizi zingeweza kuwa nini kingine? Jasho linaweza kuwa malaria. Kusinzia kunaweza kuwa ni kwa sababu ameamka saa tisa usiku kuwahi foleni. Mgonjwa wa selimundu anayetaja jina la dawa na dozi anayoitaka huenda hatafuti ulevi. Amelazwa mara nyingi kiasi cha kujua kinachomsaidia. Mgonjwa ambaye maumivu yake hayatibiwi ipasavyo naye ataomba, atanung'unika, atahesabu saa. Akitibiwa vizuri, tabia hiyo huisha. Mtumishi ambaye hajajiuliza swali hili asiandike neno lolote la shaka kwenye faili.

Kipindi cha tatu: kuuliza

Hapa ndipo penye uzito wa mafunzo yote, na ndipo mihadhara haifai kitu. Gawanya watu watatu watatu: mmoja mgonjwa, mmoja mtumishi, mmoja mtazamaji. Wabadilishane nafasi kila baada ya dakika kumi.

Fundisha kanuni chache kabla hawajaanza. Muulize kila mgonjwa, si yule tu unayemshuku; ukiwauliza vijana wenye tatuu peke yao, utamkosa mstaafu wa heshima mwenye magoti yaliyosagika. Omba ruhusa. Uliza kuhusu jana, kwa sababu watu hukumbuka jana kuliko "kwa kawaida". Epuka "kwa nini", maana humfanya mtu ajitetee. Na usioneshe mshangao.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Kaka, mguu umeamkaje leo?

— Afadhali kidogo, ila usiku ni shida.

— Pole sana. Kila mgonjwa anayefika hapa namuuliza kuhusu dawa, maana dawa na mazoezi vinakwenda pamoja. Naomba nikuulize na wewe.

— Uliza tu.

— Jana, tangu asubuhi mpaka unalala, ulimeza vidonge gani, na vingapi?

— Vile vya maumivu. Vinne asubuhi, vinne usiku. Na viwili mchana nilipozidiwa.

— Cheti kilisemaje?

— Viwili na viwili. Lakini vikipungua napata kama mafua, mwili wote unauma, silali.

— Asante kwa kunieleza wazi. Hayo mafua huanza baada ya muda gani ukikosa?

Mtazamaji asikilize sentensi ya mwisho. Mtumishi hajasema "umezidisha." Amepokea, ameshukuru, ameendelea. Jibu la mgonjwa litampa daktari habari ambazo hazipatikani kwa vipimo vya damu.

Kama mnataka swali moja la kuanzia lililokwisha kujaribiwa katika kliniki za kawaida, lipo: "Katika mwaka uliopita, ni mara ngapi umetumia dawa ya kulevya, au dawa ya hospitali kwa sababu isiyokuwa ya matibabu?" Jibu lolote la mara moja au zaidi linafungua mazungumzo marefu zaidi. Sambamba nalo, tumieni maswali matatu ya kipimo cha PEG, kila moja likijibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 10 kuhusu wiki iliyopita: maumivu yalikuwa kiasi gani kwa wastani, yalikuzuia kiasi gani kufurahia maisha, yalikuzuia kiasi gani kufanya shughuli zako. Rudieni maswali hayo kila wiki chache. Dozi ikipanda huku namba hizo zikigoma kushuka, mnayo hoja ya kumpelekea daktari.

Faragha ni tatizo la kweli. Vitanda vimepangana, pazia ni jembamba, na mgonjwa amekuja na mama au mkewe. Kumwambia ndugu "tupishe" kunaweza kuleta maneno nyumbani. Tumia kazi yenyewe: "Mama, tunakwenda kupima mwendo kule barazani, tutarudi sasa hivi." Mita chache za kutembea na magongo zinatosha kwa maswali matatu. Kwa mtu mzima anayekuzidi umri, salamu kamili itangulie na heshima ibaki: "Mzee wangu, naomba uniwie radhi, kuna jambo la dawa napaswa kulijua ili nisikuumize."

Wape watu mifano minne ya kuigiza: kijana wa bodaboda, mstaafu anayemeza kodeini kwa miaka na choo kimefunga, dada wa selimundu anayeudhika kwa kushukiwa kila mara, na mama anayetibiwa kwa methadoni aliyeumia mgongo na anaogopa kusema. Katika mifano yote, maneno kama teja na mla unga yapigwe marufuku hata ndani ya chumba cha watumishi. Neno linalozoeleka kwenye chai ya saa nne hutoka mdomoni mbele ya mgonjwa saa tano.

Kipindi cha nne: kuandika na kupeleka rufaa

Mfiziotherapia kijana mara nyingi hunyamaza kwa sababu anaona aibu kumwambia daktari kwamba mgonjwa wake anazidisha dawa. Mpe muundo, na aibu itapungua. Mistari minne inatosha: hali, historia, tathmini, ombi. Kwa mfano:

*Hali: Mwanamume, miaka 29, wiki ya 5 tangu awekewe chuma cha paja. Anameza tramadol 50 mg vidonge 10 kwa siku; cheti kilikuwa vidonge 4.*

*Historia: Amejinunulia kwa wiki mbili. Anameza pia amitriptilini usiku. Hana historia ya kifafa. Anakanusha pombe.*

*Tathmini: PEG 7, 8, 8. Goti linakunja nyuzi 80. Refleksi zimepanda miguu yote miwili, jasho jingi. Akichelewa dozi anapata mafua, kuharisha na kukosa usingizi.*

*Ombi: Naomba aonwe leo kwa mapitio ya dawa. Sijamwambia aache ghafla. Naendelea naye mara 2 kwa wiki.*

Angalia kilichokosekana: hakuna "anasingizia maumivu", hakuna "mraibu", hakuna "inasemekana". Yapo yaliyopimwa na yaliyosemwa na mgonjwa mwenyewe. Mwambie mgonjwa utakachokiandika kabla hujakiandika, na mwambie nani atakisoma. Siri yake ni yake; isitoke nje ya watu wanaomtibu, isipokuwa pale uhai wake au wa mtu mwingine uko hatarini. Anayeendesha bodaboda huku anasinzia aambiwe waziwazi asiendeshe, na ushauri huo uandikwe.

Kuhusu kuacha ghafla, wafunze sentensi moja waiseme bila kusita: "Usiache peke yako, tutapunguza pamoja na daktari." Kukatiwa dawa kwa mkupuo huleta arosto kali, na humsukuma mtu kutafuta mbadala mtaani. Kwa aliyetumia kwa mwaka au zaidi, mwongozo wa CDC unataja upunguzaji wa takriban asilimia 10 kwa mwezi au polepole zaidi. Ratiba hiyo ni ya daktari, lakini mfiziotherapia anapaswa kuijua ili apange mazoezi yake kuizunguka.

Tengenezeni karatasi moja ya rufaa na kuibandika ukutani. Mgonjwa wa tramadol kwa kawaida aanzie kwa daktari aliyemwandikia au kitengo cha afya ya akili cha hospitali yenu. Kwa anayetumia heroini zipo kliniki za methadoni: Tanzania mathalani Muhimbili, Mwananyamala na Temeke jijini Dar es Salaam, na Kidongo Chekundu Unguja, Kenya mathalani Mathari na Ngara jijini Nairobi, na Kisauni na Malindi huko pwani. Namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ni 119. Ya NACADA, mamlaka kama hiyo ya Kenya, ni 1192. Mpe mtumishi mmoja kazi ya kupiga simu hizo na kuzifahamu siku na saa za kliniki iliyo karibu, kwani rufaa isiyo na siku wala jina la mlango wa kugonga humrudisha mgonjwa nyumbani.

Mwalike pia muuguzi wa kliniki ya methadoni aje aeleze jambo moja ambalo hukosewa sana: methadoni haisitishwi eti kwa sababu mgonjwa ameanza fiziotherapia au amelazwa kwa mvunjiko. Kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa hiyo usimpangie mazoezi saa ambayo lazima awe kwenye foleni ya dozi, na akilazwa kwenu, wodi iwasiliane na kliniki yake siku hiyohiyo. Dozi yake ya kila siku inazuia arosto. Haitoshi kutibu maumivu ya mfupa uliovunjika, na anastahili kutibiwa maumivu hayo kama mtu mwingine yeyote.

Kipindi cha tano: kuyatibu maumivu, na kujua dharura

Kumwambia mtu apunguze vidonge bila kumpa kitu kingine ni kumwachia maumivu yake mikononi. Watumishi wajue ushahidi ulio upande wao. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2018 uliwafuata kwa miezi 12 wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, au ya nyonga na magoti yaliyosagika: waliopewa jamii ya afyuni hawakufanya shughuli zao vizuri kuliko waliopewa dawa nyingine, na walipata madhara mengi zaidi. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 347 wenye maumivu mapya ya mgongo au shingo. Baada ya wiki sita, oksikodoni haikuishinda dawa bandia.

Kinachofuata ni kazi yetu ya kila siku, ila ipangwe kwa makusudi:

1. Eleza maumivu kwa lugha ya kawaida. Mgonjwa anayeamini kwamba kila uchungu ni mfupa unaoharibika atameza kidonge kila unapouma.
2. Chagua shughuli moja anayoitaka yeye, kama kusali akiwa amesimama, kubeba ndoo ya lita 10 au kurudi sokoni, na uipandishe hatua kwa hatua kwa muda, si kwa maumivu. Akianza na dakika tano, ziwe tano siku njema na siku mbaya.
3. Andikeni pamoja mpango wa siku mbaya: joto au barafu, mkao, mazoezi mawili mepesi, pumzi, na mtu wa kumpigia kabla ya kuongeza kidonge.
4. Kama mnacho kifaa cha umeme mdogo wa ngozi, kitumieni kumsaidia aanze kusogea, si kuwa tiba yenyewe.
5. Wiki ambayo daktari anapunguza dozi, ongeza mahudhurio. Akikosa kuja, mpigieni simu siku hiyo.

Nusu saa ya mwisho ni ya dharura, na kila mmoja aifanye kwa mikono yake. Mgonjwa haamki hata akitikiswa na kuitwa kwa sauti, pumzi ni chache au anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imebadilika rangi. Iteni msaada. Fungueni njia ya hewa, mpeni pumzi moja kila sekunde tano kwa kifaa mlichonacho, na mapigo yakikosekana anzeni kubonyeza kifua. Naloksoni itolewe kwa utaratibu wa hospitali, kwa kawaida ikianzia miligramu 0.4 hadi 2 kwa mtu mzima. Nguvu yake inaweza kwisha ndani ya saa moja hivi wakati dawa aliyomeza bado imo mwilini, kwa hiyo asiruhusiwe kuondoka kwa sababu ameamka. Akipumua mwenyewe, alazwe ubavu. Maziwa, maji ya baridi kichwani na kumlazimisha atembee havisaidii. Ulizeni famasia ya hospitali naloksoni inakaa kabati gani na nani ana ufunguo usiku. Jibu liandikwe karibu na simu.

Kujua kama mafunzo yamefanya kazi

Mtihani wa maswali ya kuchagua utakuonyesha nani ana kumbukumbu nzuri. Mafaili yatakuonyesha nani amebadilika. Kabla ya kipindi cha kwanza, chukua mafaili 20 ya wagonjwa wa maumivu bila kuchagua, uangalie mambo manne: jina na dozi ya dawa vimeandikwa? Imeandikwa inakotoka dawa hiyo? Kuna namba za PEG? Aliyeonekana na tatizo ameripotiwa, na ripoti imejibiwa? Rudia hesabu hiyo baada ya miezi mitatu kwa mafaili mengine 20. Bandika matokeo hayo mawili ubavu kwa ubavu bila majina ya watumishi.

Kama jambo la nne halikusogea, tatizo pengine haliko kwa wafiziotherapia. Ripoti zinaandikwa na hakuna anayezisoma. Chukua mafaili hayo uende nayo kwenye kikao cha wakuu wa idara, uombe daktari mmoja wa mifupa na mmoja wa afya ya akili wateuliwe kupokea ripoti zenu kila wiki. Kisha uendelee na mafunzo kwa kila kundi jipya la wanafunzi, kwani kitengo kinachobadilisha watumishi kila mwaka husahau haraka kuliko kinavyojifunza.